Askari wa Kisimani

Mwanangu Nasra,

Ama baada ya salamu, ambazo leo nimekwisha kukupa kwa mdomo mara tatu mpaka mama yako akaniuliza kama nimeanza kusahau, nakuandikia mie baba yako, Khalfan fundi, kwa mkono wangu mwenyewe. Hakuna aliyenishikia kalamu. Herufi usizicheke. Za Kiarabu nilitiwa chuoni Unguja kwa bakora, na hizi za Kizungu nilijifundisha mwenyewe kwenye mifuko ya saruji, ndiyo maana naandika makubwa makubwa kama mtu anayetaka asomwe kutoka ng'ambo ya barabara. Neno likikushinda, mpigie simu mama yako. Nakijua Kiswahili chako: "kiti yangu", "meza lile". Nimekurekebisha miaka kumi na minane na nimeshindwa. Mambo yaliyonishinda katika umri wangu ni machache, na hilo limo.

Sitakwambia khabari za pasi, wala dawa ya tumbo, wala nani wa kumwamini na nani wa kumwogopa kiwanja cha ndege. Mama yako ameyasema yote, na yaliyobaki atayasema kesho garini kutoka hapa Ibra mpaka Maskati, jitayarishe. Mie nina jambo moja tu. Nina miaka minane nalo. Wiki hii limenizidi uzito, na mie, kama ujuavyo, nilikuwa nikibeba jiwe la mlango peke yangu huku wenzangu wanatafuta kamba.

Nimekaa ghalani mbele ya meza yetu. Alasiri tumekwisha sali. Gereza, ile ngome yangu ya udongo, liko mbele ya macho yangu, na bado halina ufa hata mmoja.

Nianze kwa Lukmani, maana bila yeye pasingekuwa na gereza wala barua. Jina lake la kweli lilikuwa la Kifaransa, sisi mafundi likatushinda, tukamwita Lukmani naye akaitikia. Alikuja kupima ile ngome ndogo ya upande wa Samad tuliyokuwa tukiitengeneza, na mie ndiye niliyekuwa mkubwa wa mafundi wa udongo. Yeye na kamba na karatasi zake, mie na macho yangu. Alikuwa akipima ukuta nusu siku nzima, kisha anakuja kuniambia umeinama shibiri moja upande wa magharibi, nami nilikwisha kumwambia hivyo hivyo asubuhi tukinywa kahawa. Mwisho akaacha kunibishia. Muulize yeyote aliyekuwepo.

Alhamisi huna skuli, nikawa nakuchukua. Ulikuwa na miaka tisa, kumi. Mchana wakati wa kupumzika tulikuwa tunakaa barazani kwa Lukmani, na hapo ndipo ulipoiona meza yake. Alikuwa ameimwagia mchanga mwekundu alioukusanya njia ya Sinaw, na juu ya mchanga kasimamisha ngome ya karatasi ngumu: kuta nne, mnara kila pembe, lango moja, bendera. Ndani kapanga askari wa kuchezea, wa madini ya risasi, kila mmoja urefu wa kidole, wamevaa kofia nyeupe zenye kitambaa cha kufunika shingo. Nje kapanga watu wa jangwani na ngamia wao. Mtu mzima yule, mwenye mvi, akawa anacheza vita peke yake, mkono wa kulia uko ngomeni na wa kushoto uko jangwani.

Alitueleza kuwa babu yake alikuwa askari katika ngome kama ile, huko Sahara, siku Wafaransa walipojifanya wenyewe wa nchi ya watu. Alikaa miaka miwili na hakumpiga risasi mtu. Kilichowamaliza kilikuwa jua na kuchoshana. Kisima kilikuwa nje ya kuta, na kila asubuhi ilikuwa lazima wafungue lango, watoke na bunduki zao, waende kuteka maji huku wanatetemeka. Akatuonyesha na picha ya ngome yenyewe.

Niliitazama ile picha nikamwambia hii siyo ngome, huu ni ukuta wenye kiburi. Mtu anayejua kazi huanza na kisima, kuta zikafuata. Nenda ngome yoyote huku kwetu, kutoka Nizwa mpaka Sur, utakuta maji yamo ndani. Nani huyu fundi aliyeacha kisima nje?

Lukmani akacheka, akanambia, "Fundi, kisima hakikuwa chao."

Nikainamia kahawa yangu. Wewe ulidhani nimekasirika, kumbe nilikuwa nafikiri Unguja. Na sisi pale pwani tulikuwa na gereza letu, kubwa, la mawe, na mie niliyezaliwa kivulini pake sikuwahi kujiuliza nani alikuwa mwenye kisima. Sikumwambia Lukmani. Kuna mambo mtu hufahamu akiwa na kikombe mkononi, akamaliza kahawa yake tu.

Wewe ukausogelea mchanga. Ulimwuliza, "Naweza kuwa mkono wa kushoto?"

Kutoka siku hiyo ukawa jangwani, na Lukmani hakushinda tena. Na alipomaliza kazi akakuachia sanduku la mbao lenye askari arubaini, ishirini wa ngomeni na ishirini wa jangwani, wapya, hawajapakwa rangi, wa kijivu kama samaki. Akakuachia na ile picha.

Ukawapaka wewe. Hilo nalikumbuka vizuri, maana mie ndiye niliyekuletea rangi. Miezi mitano ulikuwa kila ukirudi skuli unakaa dirishani na mama yako, yeye anashona kofia, wewe una brashi ya nywele tatu na ulimi nje. Nilikuwa nikipita nasema "Maashallah" bila kutazama. Hilo ndilo kosa langu la kwanza, na ni dogo, lakini yote yaliyofuata yalipitia hapo. Sikutazama. Mie ninayetambua ukuta ulioinama shibiri moja, sikuinama kutazama kazi ya mwanangu.

Kisha ikaja ile Ijumaa. Tulikuwa sablani, kwenye baraza ya wanaume wa mtaa, baada ya sala, halwa inazunguka, na mie nilikuwa nawaeleza jinsi nilivyoinyoosha kibla ya msikiti uliowashinda mafundi wawili. Nilikuwa nimefika pahala patamu. Mzee mmoja, simtaji jina kwa kuwa ameshatangulia, akafuta vidole akasema kwa upole, "Fundi Khalfan, tunasikia siku hizi nyumbani kwako mna jeshi." Mwengine akadakia, "Jeshi la masanamu." Wakacheka. Hawakucheka sana, mwanangu. Kiasi cha mtu kucheka na halwa mdomoni.

Nikatoka pale masikio yanawaka. Wewe na mama yako mlikuwa mmekwenda Mudhaibi kwenye arusi. Nikalitoa sanduku, nikachukua tupa yangu ya chuma, nikakaa uani. Nikamshika wa kwanza aliyekuwa juu. Tupa ikateleza, ikamega ukingo wa kofia yake na kunikata kidole gumba, damu ikatoka. Mtu mwenye akili angeacha hapo. Mie nikafunga kidole kitambaa nikaendelea. Niliwasugua nyuso wote, mmoja baada ya mmoja, mpaka ikabaki risasi tupu inayong'aa. Arubaini. Nikawapanga tena sandukuni vizuri, maana mie kazi siifanyi ovyo hata ikiwa mbaya.

Ningesema nilifanya kwa ajili ya dini, kwa kuwa sanamu zenye nyuso zinakatazwa, ningekuwa muongo, na mtu wa umri wangu haandiki uongo kwa kalamu. Miezi baadaye nilimwuliza sheikh wetu, akasema mchezo wa watoto una ruhusa yake, akaniuliza na mbona sikumwuliza kabla. Sikumwuliza kabla kwa sababu sikuwa natafuta jibu. Nilikuwa natafuta uso wa kurudi nao sablani. Nimefuta nyuso arubaini ili niuokoe mmoja.

Mliporudi ulilifungua sanduku mbele yangu. Nilikuwa nimejitayarisha kwa kilio, nikiwa na maneno ya kukujibu, maneno makubwa. Hukulia. Ulimtoa mmoja, ukamgeuza, ukamtoa mwengine. Kisha ukaniuliza swali moja:

"Baba, sasa nani ni nani?"

Nikakujibu, "Wote askari."

Ukafunga sanduku ukaenda kula. Ulikula wali wako wote. Ulinawa. Ulinipa shikamoo ya kulala kama kawaida. Nakwambia mwanangu, mie nimeangukiwa na ukuta mara mbili, mara moja Unguja na mara moja hapa, na hakuna hata mara moja nilipoumia kama nilivyoumia kwa ile shikamoo.

Mama yako hakunisemesha siku tatu. Siku ya nne akanambia, "Baba Nasra, usipoziba ufa utajenga ukuta." Kuniambia mie. Mie ninayeishi kwa kuziba nyufa. Nikamjibu methali hiyo waliitunga mafundi. Akasema, "Basi watakuja kukuona unavyojenga."

Na alikuwa amesema kweli. Neno la kukwambia lilikuwa moja, fupi, lina silabi chache kuliko jina langu, na halikunitoka. Badala yake nikajenga ukuta. Nikajenga nne, na minara.

Unakumbuka. Niliitundika picha ya Lukmani hapa ghalani nikaanza kupiga matofali ya udongo, kila tofali ukubwa wa nusu tende, na kibao cha kupigia nilikichonga mwenyewe. Elfu na zaidi, niliacha kuhesabu. Juu nikapaka saruji ya wazee, siyo ya mfuko: udongo wa shambani uliochomwa kwa magogo ya mtende, ukapondwa, ukachekechwa kwa kitambaa cha kilemba changu. Ngazi za ndani unaweza kuzipanda kwa kidole. Mizinga imekaa kwenye matundu yake. Mafundi walikuja kutoka Nizwa kwa kazi nyengine, wakaomba kuiona, mmoja wao akakaa chini hapa hapa akasema hajaona kitu kama hiki. Nikamwambia hatokiona.

Wewe ulikuwa ukija mlangoni, unatazama, unarudi. Siku moja ukaingia hatua mbili. Kesho yake ukaingia mpaka kwenye meza.

Na hapo ndipo likatokea lile la skuli. Mie, kama tulivyokuwa tukisema Unguja, ngome naiita gereza. Wewe ukaenda ukamwambia mwalimu wako kwa Kiarabu kuwa baba anajenga jela nyumbani. Maskini mwalimu akakaa nalo wiki nzima, halafu akamkuta mama yako kwenye hitima akamwuliza pembeni, kwa adabu, ni nani atakayefungwa humo. Mama yako akamjibu, "Mwenyewe." Akarudi akanisimulia, na wewe ulikuwepo, na ulicheka. Ilikuwa mara ya kwanza unacheka mbele yangu tangu ile Ijumaa. Ningejenga majela kumi.

Nilipomaliza lango nikaliwekea juu yake kitundu, kama ngome zetu, cha kumwagia asali ya tende iliyochemka juu ya kichwa cha adui. Ulikitazama ukanambia, "Baba, Wafaransa hawakuwa na asali ya tende."

Nikakwambia, "Ndiyo maana walifukuzwa."

Ukaenda ukaleta sanduku.

Dadu nilikukataza. Mchezo wa dadu sikuukubali nyumbani kwangu na siukubali leo. Lukmani alikuwa akipiga dadu kila hatua, na wewe ulidhani mchezo umekwisha kabla haujaanza. Nani aliyepata njia? Mie. Kokwa za tende. Kokwa ina mgongo na ina ufa. Unarusha sita, ufa ukiwa juu umepiga, mgongo ukiwa juu umekosa. Hakuna mchezo duniani unaochezwa hivyo isipokuwa ghalani kwa Khalfan fundi, Ibra. Na kokwa tulizichagua pamoja, tukazila tende zake pamoja, mpaka mama yako akafungia kapu.

Mie nikawa ngomeni, kwa haki ya mjenzi. Wewe jangwani. Na kanuni uliiandika wewe ukaitundika ukutani: kisima kiko nje. Kila zamu ngome ikikaa bila maji, hurusha kokwa, na kila kokwa inayoonyesha mgongo, askari mmoja amekufa kiu. Mie nikasema mie silifungui lango. Nina kuta, nina mizinga, nina asali. Ukawa hunishambulii hata. Unawapumzisha ngamia wako kisimani, unaningoja. Unanambia kwa sauti ya upole, kama mtu anayemwita mzee aje ale, "Baba, toka. Maji yako huku."

Sikutoka. Miaka minane, kila Alhamisi, sikutoka. Nilikuwa nakufa kiu ndani ya ngome nzuri kuliko zote za mkoa wetu wa Ash Sharqiyah.

Mwaka jana ilipokuja ile barua ya chuo cha Malaysia, kuwa wamekukubali usomee uchoraji wa majengo, unajua nilivyosema. Nilisema skuli iko Nizwa, skuli iko Sur, na nchi inayonyeshewa mvua kila siku haina la kumfunza mtu khabari ya kujenga. Nilisema mpaka nikakohoa. Ulinisikiliza mpaka mwisho, ukanipa maji, ukasema, "Baba, toka." Basi. Siku hiyo nikafungua lango, nikakubali uende, na wewe ulidhani ni kwa sababu ya maneno ya mjomba wako. Mjomba wako alisema masaa mawili na sikumsikia neno. Nilisikia hayo mawili yako.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe, maana naona nimezunguka kama mtu anayetafuta mlango wa nyumba yake mwenyewe.

Baada ya nyuso kufutika nilidhani askari wote wamekuwa sawa. Kumbe wewe uliwajua. Ulikuwa ukimwangusha mmoja unasema, "Muuza halwa amekufa," ukimwangusha mwengine, "Mwalimu wa hesabu," "Mjomba Said." Nilidhani unatia chumvi kunichekesha. Nikadhani majina umeyatia baadaye. Na palikuwa na mmoja, kwa kofia yake ni wa ngomeni, lakini ulikuwa humpangi ngomeni wala jangwani. Ulimsimamisha kisimani, peke yake. Ngamia wako wanakunywa pembeni yake na hawamgusi. Nilikuuliza huyu wa upande gani. Ukasema, "Huyu hachezi. Huyu fundi wa kisima." Nikasema basi ahsante, kisima kinataka fundi, nikarusha kokwa zangu.

Jumanne hii mama yako alikuwa anakukunjia nguo. Nilipita mlangoni, nikamwambia, kwa kujisifu tu, kwamba mtoto huyu anakwenda kusomea majengo kwa sababu ya lile gereza langu. Akaendelea kukunja. Akasema, "Anakwenda kwa sababu yako, siyo ya gereza. Wewe hujui kuwa aliwapaka nyuso za watu?" Akanieleza. Kwamba miezi ile mitano dirishani ulikuwa unawachora watu wa Ibra mmoja mmoja, muuza halwa na masharubu yake, mwalimu na jicho lake, Said na mashavu. Kwamba wa kwanza kabisa uliyempaka, uliyemfuta ukamrudia mara sita mpaka ukapata, ulikuwa umemweka juu ya wote sandukuni ili baba akifungua amwone.

Nikamwuliza, "Yupi?"

Akasema, "Yule wa kisimani. Mtoto aliniapisha nisikwambie, nami nimeinyamazia miaka minane. Kesho kutwa anaondoka, sitaki kubaki nayo peke yangu."

Nilikuja hapa ghalani nikamchukua. Ukingo wa kofia umemegeka, pale tupa ilipoteleza. Kovu la kidole gumba ninalo bado, naliona hapa nikiandika. Uso wa kwanza nilioufuta ulikuwa wangu, na damu ilikuwa yangu, na sikujua.

Nasra, mwanangu, mama yangu. Nimekaa na hili siku mbili natafuta la kulifananisha nalo na silipati. Mtu anakufutia kazi ya miezi mitano, anamfuta na baba yako ndani yake, na wewe, mtoto wa miaka kumi, unamchukua yule asiye na uso unamsimamisha kwenye maji. Miaka minane hukuacha afe hata mara moja. Mie niko ndani ya kuta nakufa kila Alhamisi, na mie huyo huyo niko nje kisimani, mzima, umenilinda wewe.

Sina nasaha kubwa ya kukupa. Unajua kujenga kuliko nilivyojua mie umri wako, ingawa usiwaambie mafundi wa Nizwa kuwa nimesema hivyo. Nitakwambia tu nililoliona. Huko uendako utakosea, utamuumiza mtu. Kila mtu hukosea. Utataka kumjengea kitu kizuri ili asiulize. Na utaweza kukijenga, kwa sababu mkono wako ni wangu. Usijenge. Nenda siku hiyo hiyo, ufa bado mbichi, udongo haujakauka, sema neno. Mie nilijenga gereza zuri kuliko lililo kwenye picha, na miaka minane halikusema badala yangu. Ukuta haujui kusema. Kazi yake kusimama tu.

Na waliocheka sablani siku ile, sikumbuki hata walivaa nini. Wewe ulivyonawa mikono usiku ule nakumbuka mpaka sabuni.

Kesho mlangoni utanibusu mkono utaniomba radhi, kama inavyotakiwa. Nakupa tangu sasa, zote, za dunia na akhera, usije ukadhani nimezifunga kwenye masharti. Lakini chuoni tulifundishwa mtoto anavyomwomba baba yake. Baba anavyomwomba mtoto hakuna aliyenifundisha, kwa hiyo nitaomba kwa namna yangu, na ikiwa imepinda utaniwia.

Nilikukosea. Nilijua siku ile ile kuwa nimekukosea. Naomba radhi yako.

Sasa inaadhiniwa magharibi na mkono umeniuma. Barua hii naiacha hapa mezani, na wewe najua utapita kulitazama gereza kabla ya kulala. Lango nimeliacha wazi. Rangi zile za zamani zimekauka, nimekwenda sokoni nimekununulia mpya, nyeupe, nyeusi na ya ngozi, na brashi yako ya nywele tatu nimeikuta kwenye kopo la misumari, nimeiosha. Fundi wa kisima nimemsimamisha pale pale pake. Kama umeniwia radhi, mpake uso. Kama bado, mwache alivyo, nami nitakupeleka Maskati vile vile na nitakupungia mkono vile vile, na nitangoja. Kungoja ndani ya ngome naweza, hilo umeliona.

Ila ukimpaka, pua. Mama yako anasema mara ya kwanza uliipindisha sana. Imepinda kidogo tu, mwanangu, tena ukitazama kwa upande mmoja. Ichore ilivyo.

Ni mie baba yako,
Khalfan fundi